Swali Mbele za Watu

"Usinifuate, Donatus."

Nelly alisema bila kugeuka, tasnifu yake kaikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Wote wawili walifundisha Kifaransa katika chuo kikuu kimoja mjini Shinyanga. Jumamosi Donatus alikuwa aende kwao kumposa. Na muda mfupi tu uliopita, akiwa mmoja wa watahini wake wa shahada ya uzamili, alimuuliza mbele ya jopo zima:

"Tutajuaje kwamba hadithi hizi hukuzitunga mwenyewe?"

Hadithi hizo za tasnifu Nelly alizikusanya Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa akina mama wa Kikongo wanaowapikia wachimbaji. Alikaa nao jikoni, akimenya nao ndizi, nao wakimsimulia kwa Kifaransa chao. Donatus aliyajua yote hayo.

Ikabidi Nelly awasikilizishe sauti alizorekodi. Sauti ya simu yake ilikuwa ndogo mno, Donatus akatoa spika ndogo mfukoni, akamsogezea. Sauti za wale mama zikajaa chumbani. Nelly akafaulu, akatoka bila kumtazama Donatus.

"Ungeniambia jana," akasema sasa. "Jana ulikula ugali kwangu, ukanitazama machoni."

"Mtahini haruhusiwi kusema swali lake. Unajua."

"Na mchumba anaruhusiwa nini?"

Donatus akatazama huku na huku, asiwepo wa kuwasikia. Idarani hakuna aliyejua kuwa ni wachumba. Walificha, watu wasije wakasema shahada imetolewa kwa mapenzi.

Jioni ile simu ya Nelly ikaita. Alikuwa Dokta Marselino, mkuu wa idara, ambaye mwaka uliopita alimtaka Nelly akakataliwa kwa adabu.

"Pole, binti. Donatus kakuaibisha. Yule hana utu."

"Ahsante, Daktari."

"Mimi nilikuwa na mashaka hayohayo, hata nilimdokezea. Lakini nisingekuuliza hadharani. Ningewaandikia wakubwa wa chuo baadaye, kimya kimya, wewe usijue lolote."

Nelly akayapima maneno hayo. Wakubwa wangesoma, yeye hayupo, na wale mama hawapo. Angevuliwa shahada bila kufungua kinywa.

"Nashukuru kwa kuniambia," akasema, akakata simu.

Akakaa kitandani akiwaza. Hivi nani huenda kutahini watu na spika mfukoni?

Ujumbe wa Donatus ulikuwa unamsubiri: "Jumamosi nije, au nisije?"

Akaandika: "Njoo." Hakuongeza neno, wala simu zake hakuzipokea tena.

Jumamosi, kule Masumbwe, nyumbani kwa akina Nelly, wageni waliketi sebuleni wakiwa wamevaa vizuri. Harufu ya pilau ilitoka uani, lakini hakuna anayekula kabla binti hajaulizwa. Akisema hawajui, wageni huinuka na kwenda zao na njaa yao.

Baba mkubwa wake, mzee Mageni, akamwita katikati.

"Nelly, unawafahamu wageni hawa?"

Mama yake Donatus akaukunja upindo wa khanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Baba mkubwa, kabla sijajibu, naomba nimuulize mmoja wao. Mbele za watu, kama alivyoniuliza mimi."

Shangazi akanong'ona kwamba leo mtahini katahiniwa. Mzee Mageni akamnyamazisha kwa jicho.

"Uliza, mwanangu."

"Donatus, ukijua tena kwamba mtu ananichimbia shimo, utafanya nini?"

Donatus akasimama.

"Nilidhani nikikuuliza pale, utajibu pale, na yale maneno yatakufa. Nikailinda tasnifu, wewe nikakuacha peke yako. Nilipaswa kutoka kwenye ile meza ya watahini, niseme wewe ni mchumba wangu, nikuambie nani anakuchimbia shimo. Jumatatu nitakwenda kuyasema yote chuoni, hata la Marselino. Wakinifukuza, wanifukuze."

"Watanitahini upya."

"Huenda."

Nelly akamsogelea hatua moja.

"Basi tutakwenda wote," akasema. "Sauti za wale mama ninazo."

Kisha akamgeukia mzee Mageni.

"Nawafahamu, baba mkubwa. Na huyu ndiye aliyekuja na spika."

Wazee wakatazamana, hawakuelewa la spika. Shangazi naye hakuelewa, ila vigelegele alipiga hivyohivyo, na pilau likaingia.