Nishani ya Babu Mgonja

Maji ya mtungini yaliingia chumvi siku ya pili baada ya sherehe za Saba Saba. Ernesta alionja, akatema, akamgeukia binti yake.

"Rahabu, nani katia chumvi humu?"

"Si mimi, mama."

Akamwaga, akasugua mtungi kwa majivu, akateka mengine. Yakawa yale yale. Jirani, aliyeteka chemchemi ile ile, maji yake yalikuwa matamu kama kawaida ya maji ya Chome, kijiji chao cha milimani. Ya Ernesta yaliharibika yakishavuka kizingiti tu.

Mumewe, Hezroni, alicheka. Alikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa, mtu wa mikutano na maazimio, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuogopa mtungi. Mwaka ule wa sabini na nne kijiji kilikata shauri kufyeka msitu wa Wagonja, ukoo wake mwenyewe, pawe shamba la pamoja. Msituni mlikuwa na pango, na pangoni chungu chenye fuvu la babu yao, kama Wapare wa zamani walivyowahifadhi wazee wao. Baba mdogo Aminieli ndiye aliyekuwa akilimwagia pombe ya miwa kila baada ya mavuno, akilitaja kwa jina la ukoo na kuliambia, "Nyumba hii ni yako, kaa." Aminieli naye akafa. Hezroni alikuwa amebatizwa ukubwani, na mbele ya kanisa zima alitamka kwamba yeye hana sehemu na wazee wa pangoni wala nyumba yao. Basi alilizika fuvu kando ya mto bila hata tone la pombe, akarudi na kitu kimoja tu alichokikuta chunguni.

Ilikuwa nishani ya shaba yenye umbo la yai, imezungukwa na majani, na juu yake taji. Katikati tai alikuwa amekunjua mbawa juu ya bahari, jua likichomoza. Babu Mgonja alikuwa mpagazi wa Wajerumani katika vita vile vya kwanza, akafia uwandani karibu na reli ya Same. Wanawe waliposhuka kufukua fuvu lake walikuta makaburi mawili yamelala ubavu kwa ubavu, hayana alama. Wakachukua fuvu lenye nishani, wakiamini kwamba baba yao alituzwa. Na nani angeiacha sifa ya baba yake mchangani?

Hezroni aliing'arisha kwa majivu na limau, akaivaa kifuani siku ya Saba Saba, watu wakampigia makofi mpaka akavimba kichwa. Tangu siku hiyo hakuivua, hata kitandani.

Baada ya maji ikaja harufu ya samaki aliyelala, katika nyumba ambayo haikuwa imepika samaki tangu Pasaka. Kisha mngurumo. Ungesema lori linapanda kutoka Same, na Rahabu alikimbilia njiani kulitazama, lakini lori halikufika, na mngurumo ukapita juu ya bati na kupotelea mlima Shengena. Hezroni peke yake ndiye aliyeinua uso kuufuata, midomo ikimcheza.

Alasiri moja Ernesta alimkosa shambani. Akamfuata kwa nyayo hadi ukingoni mwa jabali, pale ambapo mawingu hulala chini ya miguu ya mtu na uwanda wote hauonekani, akamkuta amesimama kwenye ncha ya jiwe, mikono ameitandaza, koti linapepea ingawa hapakuwa na upepo, anayatazama yale mawingu kwa furaha ya mtu aliyeona kwao, na harufu ile ya samaki imetanda kote, na mngurumo haukutoka tena angani bali ndani ya kifua cha mumewe, nyuma ya ile nishani.

"Bahari imejaa," alisema Hezroni, kwa sauti isiyo yake. "Naweza kuondoka."

"Baba Rahabu," Ernesta alinong'ona, asije akamshtua. "Rudi nyuma. Nakuomba."

Akamdaka koti, akamvuta, wakaanguka pamoja kwenye majani. Hapo macho ya Hezroni yakarudi, akamshika mkewe mikono kwa nguvu ya mtu anayezama.

"Mama Rahabu, ni wewe? Nishike. Kuna mtu amekaa mahali pangu. Ananisukuma, kidogo kidogo. Usikubali anitoe."

"Sikubali," alisema Ernesta. "Haki ya Mungu, sikubali."

Aliing'oa nishani kifuani, akaifunga pindoni mwa khanga, akashuka Same. Wakristo wenzake wangesema nini, hakujali. Mfa maji haulizi dini ya anayemtupia kamba. Akaenda kwa Salimu, mganga wa majini aliyesifika mpaka Mwanga. Barazani alikaa baba yake Salimu, mzee Chande, aliyewahi kuwa mpagazi katika vita vile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Ernesta akafungua pindo. Mzee aliiona nishani, akarudisha mkono. "Umeitoa wapi hii? Hii walivaa wanamaji wa Kijerumani waliorusha ndege. Mmoja alikuja na meli ya mizigo, Waingereza wakaizamisha karibu na Tanga. Akapelekwa huku kwa reli, rubani asiye na ndege. Kutwa anatazama juu. Homa ikamuua. Nilimzika mimi."

"Hii ni ya babu yetu, mzee. Alituzwa."

"Babu yako nani?"

"Mgonja."

"Mgonja tulimzika pembeni yake siku ile ile. Hakuwa na kitu, maskini. Shuka lake tu."

Ernesta aliketi chini pale pale. Ukoo mzima, mavuno kwa mavuno, ulikuwa umemlisha mtu baki, na babu yao halisi amelala uwandani na njaa yake. Aliona aibu, kisha woga ukaimeza ile aibu.

"Maiti harudi, dada," alisema Salimu. "Huyo ni jini wa bahari. Alimpanda rubani huko huko majini, alipokufa akabaki ndani ya nishani. Sasa amepata kiti kipya cha kukalia, mumeo. Mgeni huondoka akiambiwa na mwenye mji. Utamwambia wewe."

Walipanda pamoja. Siku ya pili asubuhi, mlango umefungwa, Salimu alifukiza ubani, akasoma, akamnyunyizia Hezroni maji ya kombe, yaliyooshea aya za Kurani. Hezroni alitetemeka kwenye mkeka mpaka mkeka ukaloa maji yasiyojulikana yatokako.

"Sema sasa!"

"Mgeni, toka," alisema Ernesta. "Mwenye nyumba, kaa."

"Tena!"

"Mgeni, toka. Mwenye nyumba, kaa."

Hezroni akaanza kulia, kilio kidogo cha mtoto. "Mama Rahabu, basi. Nyamaza. Uliniahidi."

Ernesta akainama kumshika mkono.

"Usimsikilize!" alifoka Salimu. "Jini likishikwa hubembeleza. Malizia!"

Akamalizia. Hezroni alipiga yowe moja, akalegea, akalala usingizi mzito. Salimu aliiviringisha nishani katika kitambaa cheusi, akaondoka nayo. Nyumba ikanukia ubani, maji yakawa matamu, na jioni ile Ernesta aliimba kwa mara ya kwanza tangu sherehe.

Kulipokucha, ukungu umeziba migomba, Hezroni aliamka, akanawa, akaketi kwenye kiti chake. Ernesta alimwekea uji na viazi. Alikula vyote, kwa adabu, bila kumwaga hata tone.

"Asante, mama."

"Mama gani? Mama Rahabu," Ernesta alimtania.

Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mpishi wa nyumba aliyozaliwa. "Nimelishwa na ukoo huu miaka yote, naambiwa nyumba ni yangu, nikae. Mumeo alisema mbele ya watu kwamba hana sehemu nasi. Jana ulipomtaja mgeni, yeye ndiye aliyetoka."

Ernesta akakimbilia mlango, akaufungua wazi. Ukungu mtupu, na baridi.

Rahabu akatoka chumbani akifikicha macho.

"Shikamoo baba."

Aliyekaa kitini hakuitika. Nje, nyuma ya ukuta, mtu anayetetemeka kwa baridi alijibu, "Marahaba, mwanangu."

Mtoto akageuka kusikiliza. Yule wa kitini akasukuma bakuli kando, akamwambia Ernesta taratibu:

"Funga mlango. Mgeni tumekwisha kumtoa."