Kondoo wa Mwanamkisi na Jicho la Jirani

Mara baada ya sala ya alfajiri, Mwanamkisi alikuwa akifungua zizi na kuwatoa kondoo wake. Jirani yake Nadra naye aliwatoa wake. Makundi mawili yakawa moja, na wanawake wawili wakayafuata hadi bondeni, nyuma ya minazi. Bonde hilo lina dimbwi, na nyasi za kando yake hubaki mbichi hata mvua ikikatika. Walipenda kuwahi umande. Nyasi zikiwa na maji, kondoo huzila kwa pupa.

Mume wa Mwanamkisi, Bakr, anaendesha mashua ya wageni kule Ras Kitau na huja nyumbani Pate mara chache. Kondoo ndio walioiendesha nyumba. Unga ukiisha, au shule ikidai karo, huuzwa kondoo.

Mwaka ule masika yalikuwa mazito. Asubuhi moja Nadra alimtazama kondoo jike mwenye kichwa cheusi, mzazi bora wa Mwanamkisi, akacheka.

"Shoga, huyu amenona. Mkia kama mto wa kulalia."

Hakusema mashallah. Mwanamkisi alilisubiri neno hilo la kukinga husuda, halikuja.

Baada ya muda kondoo yule alianza kubaki nyuma ya wenzake. Chini ya taya alivimba, uvimbe laini kama kifuko cha maji. Hakukohoa wala hakuharisha. Alikula, na bado alidhoofika, mpaka akafa. Wanakondoo wawili wakamfuata.

Mwanamkisi hakufikiria minyoo, kwa sababu dawa ya minyoo walikuwa wameshawapa. Yeye na Nadra walinunua chupa moja dukani Amu. Haikutosha makundi mawili, basi wakaiongeza maji. Kila kondoo alipata kijiko kimoja, mkubwa kwa mdogo, asidhulumiwe yeyote. Ndivyo wagawavyo nyama ya udhiya wakati wa Idi, na ndivyo walivyoigawa dawa.

Kama si minyoo, aliwaza, basi ni jicho.

Kwenye maulidi ya wanawake aliyanena mbele ya watu. Hakutaja jina. Alisema tu kuna mato, macho ya husuda, yanayopita juu ya mali ya mtu na kuiacha mizoga. Nadra alikuwapo, sahani ya sambusa mkononi. Aliiweka chini, akavaa buibui, akatoka.

Tangu siku hiyo kila mmoja alichunga peke yake, japo ni kando ya dimbwi lile lile. Nadra akipita mtaani, akina mama walifunika nyuso za watoto wao wachanga. Yeye aliona, akaendelea na njia yake.

Kondoo wa Mwanamkisi waliendelea kufa.

Kerubo, daktari wa mifugo, alishuka bandarini Mtangawanda kuja kuchanja mbuzi. Mwanamkisi alimfuata akamweleza yote, na jicho pia. Kerubo alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama kuna mzoga wa karibuni. Ulikuwapo, wa asubuhi ile.

Alivaa glavu, akaupasua, akafungua tumbo. Ndani palijaa vitu vyembamba kama nyuzi, vyekundu na vyeupe vilivyosokotana. Vilikuwa vinacheza. Mwanamkisi alishika mdomo kwa ncha ya leso.

"Hawa ni minyoo, Bi Mwanamkisi. Wananyonya damu. Uvimbe wa taya ni dalili ya damu kupungua."

"Dawa tuliwapa, daktari."

Kerubo akauliza waliipimaje. Alipoambiwa habari ya maji, ya kijiko na ya mgao wa udhiya, alitikisa kichwa.

"Nyama ya udhiya hugawanywa sawa. Dawa hufuata uzito. Mliwapa dawa hafifu. Minyoo dhaifu wakafa, wenye nguvu wakabaki, na hao ndio waliozaa."

Alimshika kondoo aliye hai, akaivuta chini kope ya chini ya jicho lake. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Kwa wa pili palikuwa pekundu. Akaeleza: wekundu ni dalili ya damu ya kutosha, huyo asipewe dawa, weupe ni hatari, huyo apewe leo. Kuwapa wote bila haja huwafundisha minyoo kuizoea dawa. Kila kondoo apimwe kwa mizani ya kuning'iniza, dawa ivutwe kwa bomba la kupimia kama chupa inavyoelekeza, na isitiwe maji. Na aliyepewa asichinjwe mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite.

Kisha akataka kuona malisho. Alisimama kando ya dimbwi akaonyesha samadi. Mayai ya minyoo hutoka humo. Huanguliwa kwenye unyevu, na vichanga vyake hupanda majani yenye umande. Kondoo wa alfajiri huvila pamoja na nyasi. Wasubiri umande ukauke, alisema, wapelekwe sehemu za juu, na bonde lipumzishwe.

"Na hizi nyayo nyingine ni za kondoo wa nani?"

"Wa jirani."

"Basi lazima naye afanye hivi. La sivyo, wewe unafagia na yeye anamwaga."

Mwanamkisi alikwenda kwa Nadra jioni ile. Nadra alisimama mlangoni na hakumkaribisha. Alisikiliza habari ya minyoo, ya kope, ya bonde.

"Kwa hiyo si mato yangu."

"Si mato yako. Nisamehe, shoga."

"Kondoo wangu nitawatibu, kwa sababu wanakufa pia. Na kule ulikonena, utakwenda kunena tena?"

Alikwenda. Mbele ya wanawake wale wale alisema alikosea, akaeleza alichokiona tumboni mwa mzoga. Wengine waliitikia. Wengine waliendelea kufunika watoto wao.

Kondoo wenye kope nyeupe, wa nyumba zote mbili, walipewa dawa kwa uzito wao. Baadaye Kerubo alipopeleka kinyesi chao maabara, majibu yalionyesha mayai yamepungua sana. Uvimbe wa taya uliisha. Msimu uliofuata wanakondoo walizaliwa wazito, na hakuna aliyekufa.

Kila baada ya wiki mbili, wakati wa mvua, wanawake hao wawili hukutana sehemu ya juu kukagua kope. Kazi hiyo yataka watu wawili, mmoja ashike na mmoja atazame. Wakiwa kwa kondoo wa Nadra, Nadra hutazama mwenyewe. Wakifika kwa kondoo wa Mwanamkisi, Nadra hushika tu, uso ameugeuzia minazi.

Siku moja Mwanamkisi alimwambia kwamba anaweza kutazama.

"Tazama weye," alijibu Nadra. "Wakifa, nisitajwe."

Mwanamkisi aliinama, akaivuta kope. Ilikuwa nyekundu.

"Mzima," alisema.

Nadra alimwachia kondoo yule, akamshika mwingine.