Kiti cha Nyuma Kushoto

Jumamosi hiyo tuliamka bila haraka. Mume wangu Sydney aliosha gari, mimi nikapika chai. Kabla haijachemka, mama mkwe alikuwa tayari ameketi kiti cha mbele, amejifunga leso yake ya kanisani, na tawi la mti limelazwa mapajani. Tulikuwa tunaenda kumchukua Wesley.

Wesley alikuwa shemeji yangu, kitinda mimba wa Mama. Tulishamzika hapa nyumbani Mukumu, lakini kwetu mtu akifia barabarani, kuuleta mwili peke yake hakutoshi. Watu wake hurudi pale alipoangukia, wakamwita, akapanda gari, akaja kwao. Asipoitwa hubaki huko akihangaika. Mambo haya mimi huyasikiliza kwa sikio moja, lakini Mama alikuwa hajapata usingizi tangu mazishi, na nilimpenda. Nikaenda.

Kilichomuua hakikuwa siri. Taa ya upepo wa tairi iliwaka kwenye gari lake, na kwa kuwa ilimkera, akaibandika plasta asiione. Karibu na Matete, kwenye kona, tairi ikapasuka.

Tulipofika kwenye kona hiyo, Mama alifungua mlango wa nyuma kushoto na kupiga nyasi kwa lile tawi.

"Wesley, mwana wanje, mwanangu, ingia twende nyumbani."

Aliliweka tawi kwenye kiti, akafunga mlango taratibu. Mimi nilikaa upande wa pili, nyuma ya Sydney. Tulikatazwa kukikalia kile kiti, na tulikatazwa kusimama ovyo. Tukilazimika kusimama, sharti Wesley aelezwe. Ndiyo maana Mama alikuwa akiongea njia nzima: Wesley, hapa kuna matuta, Wesley, sasa tunakunja kona. Ungedhani anamtembeza mgeni.

Hatukufika mbali, taa ikawaka. Ya njano, umbo la sufuria iliyokatwa katikati, na alama ya mshangao ndani yake.

Sydney akapunguza mwendo polepole, bila kukanyaga breki kwa nguvu. "Tairi moja imeisha upepo. Lazima nisimame tuangalie."

"Usisimame," Mama akasema.

"Mama, hii taa ndio ilimmaliza Wesley. Unataka tukufe sisi wote?"

Nilimwonea Mama huruma. Mwana mmoja alikuwa kwenye usukani, na mwingine, kwa imani yake, alikuwa nyuma yake.

Tukaingia kituo cha mafuta pale Malava. Kijana wa mashine ya upepo alikuwa na jina Kibet kwenye shati. Nilimkodolea macho, maana watu hawa siwaamini hata kidogo. Wanaweza kukuonyesha msumari ambao wameuleta wao wenyewe. Alipima tairi tatu, zikawa sawa. Ya nyuma kushoto ilikuwa chini sana. Akaimwagia maji ya sabuni atafute povu. Hakuna hata moja.

"Hii haina pancha," akasema. "Ni kama imelemewa. Shukeni wote niijaze vizuri."

Nikashuka. Mama naye akashuka. Kibet akafungua mlango wa nyuma kushoto mwenyewe.

"Na wewe pia, boss," akasema.

Nilidhani anatutania. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Tuliporudi barabarani, taa ikazimika baada ya muda mfupi. Sydney akapiga usukani kwa furaha. Kisha Mama akageuka, akakitazama kile kiti cha nyuma.

"Sikumwambia tumesimama," akanong'ona. "Na sikumwambia arudi ndani."

Mbele yetu kulikuwa na daraja la mto. Sydney aliendesha taratibu, na tulipokuwa katikati yake, juu ya maji, Mama akaita, sauti ikimkatika.

"Kama uko, njoo. Njoo, mwana wanje. Panda twende."

Taa ikawaka.

Gari likainama kidogo upande wa kushoto. Nikasikia harufu ya tope. Kioo cha upande ule kikafunga ukungu kwa ndani, na nje jua lilikuwa kali. Mama alilia na kucheka kwa pamoja. "Yuko! Hajatuacha!" Nilitaka kuamini. Lakini nilijisogeza hadi mlangoni, na sikugeuza uso tena mpaka nyumbani.

Pale uani Mama alimfungulia mlango, akamwongoza kwa tawi hadi chumba chake. Taa ikazimika. Sydney alichukua kipimo chake akapima tairi zote. Zilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nilitegemea Mama atatulia sasa. Wapi! Alianza kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipeleka obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, chumbani kwa Wesley, sahani zikarudi kama zilivyokwenda. Ukimuuliza, anaweka kidole mdomoni.

Siku chache baadaye mimi na Sydney tulipitia Malava bila kumwambia. Kibet alitutambua, akaja mbio.

"Mbona mliacha ndugu yenu hapa?"

"Ndugu gani?" Sydney akauliza.

"Yule wa shati ya bluu. Mlienda akiwa amesimama hapa kwa mashine. Kila gari ikikuja kuweka upepo, anashika mlango ya nyuma, ya kushoto. Haongei."

Wesley alikuwa na shati la buluu siku ya ajali. Sydney alishika mkono wangu hadi ukauma.

"Yuko wapi?"

"Ameenda. Asubuhi ya leo mama mmoja aliita mtoto wake, 'Njoo, panda.' Ndugu yenu naye akapanda."

"Gari ya wapi?"

Kibet hakujua. Sydney alifungua mlango wa nyuma hata hivyo, akamwita ndugu yake mbele ya watu, machozi yakimtoka. Aliita mpaka sauti ikakauka. Tuliwasha gari. Taa haikuwaka.

Nyumbani tulimkuta Mama amesimama mlangoni, leso imelowa hadi magotini.

"Mmemkosa," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikamsogelea. "Mama, siku ile tulileta nani?"

"Ongea polepole." Akatazama nyuma yake. "Huyu wa ndani alijua mtamkosa. Amekuwa akicheka tangu asubuhi."

Sydney aliusukuma mlango wa chumba. Hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limelowa chapachapa, na godoro zima limejaa mchanga mweusi wa mtoni. Mama huukung'uta kila siku, na kila siku unakuwa mwingi zaidi.