Mti wa Jagjit Wahamia Chooni

Shem alikuwa fundi katika karakana ya treni huko Tyseley, ughaibuni. Aliishi Erdington na mkewe Jemima, ambaye alikuwa muuguzi. Mwana wao, Walter, alikuwa kwa bibi yake Kisii. Asubuhi walikunywa chai, wakavaa makoti mazito na kwenda kazini. Jioni, aliyetangulia kurudi aliwasha hita ya mafuta ya taa.

Mwaka 1970, mwezi wa Oktoba, Jagjit aliwatembelea. Alifanya kazi na Shem, na sasa alikuwa anasafiri kwenda Nakuru kumwoza binti yake. Mkononi alishika chungu kipana. Ndani yake mlikuwa na mti uitwao mepo, mfupi kuliko chupa ya maziwa. Mti wa namna hiyo huitwa bonsai. Hulelewa chunguni na kupunguzwa matawi ili usiwe mkubwa.

"Nimeulea tangu ulipokuwa mbegu," alisema Jagjit. "Nitunzie mpaka Aprili, ndugu yangu."

"Wewe nenda ukacheze harusi!" Shem alimjibu. "Mimi nimezaliwa katikati ya kahawa, Kisii. Ukirudi utaukuta umenenepa kukushinda wewe!"

Novemba majani yakawa mekundu, kisha yakaanguka yote. Shem alishtuka. Kwao, mti wa kahawa ukipukutika hivyo ni ugonjwa. Na baridi nayo ilikuwa imefika, baridi ya kufanya hata kivuli cha mtu kimtangulie kwenye hita. Basi Shem aliuingiza mti ndani. Akauweka karibu na hita, akaufunga skafu, akaunywesha maji ya vuguvugu kila siku.

"Baba Walter, umebakiza kuubeba mgongoni tu," Jemima alimtania.

Kabla ya Krismasi mti ukachipua.

"Unaona?" Shem alijigamba, akatia mbolea. "Jagjit atadhani nimemrudishia msitu!"

Lakini machipukizi yalikuwa membamba na meupemeupe. Siku chache baadaye yakaanza kunyauka. Shem akaacha utani.

"Nitamwambia nini Jagjit?" alisema. "Aliniachia kama mtoto wake."

Jemima akaenda kumwita jirani yao, Rajni. Rajni alizaliwa Kisumu, na hapa Erdington aliuza miche na maua dukani. Alipoingia, alitia kidole kwenye udongo wa chungu.

"Bwana Shem, unafuga samaki humu?"

"Dada Rajni, usinicheke. Mti unaumwa nini?"

"Umenyimwa usingizi. Huu si mti wa kahawa. Ni mti wa nchi za baridi. Majani yakianguka, unalala mpaka joto lirudi. Wewe umeuweka penye moto, nao ukadhani majira ya baridi yamekwisha. Umeamka, unakula akiba yake, na mwanga wa humu ndani hautoshi."

"Basi unatoka nje sasa hivi!" Shem akanyakua chungu.

"Weka chini! Utoke kitandani uangukie theluji? Machipukizi haya ni laini. Tafuta mahali penye baridi, lakini pasipoganda. Pawe na mwanga kidogo."

Jemima alifikiri. "Choo cha nje," akasema. "Kina dirisha, na ukuta wake umeshikana na jikoni."

"Mti wa Jagjit, chooni?" Shem alishangaa.

"Mti hauna pua," alisema Rajni. "Mbolea acha mpaka joto lirudi. Kabla ya kumwagilia, tia kidole. Udongo ukiwa mkavu juu, upe maji kidogo asubuhi. Ukiwa na unyevu, acha."

"Na mwaka mwingine, nikiachiwa tena?"

"Uache nje tangu mwanzo, chini ya ukuta, pasipo na upepo. Chimba shimo, zika chungu mpaka mdomoni, funika kwa majani makavu. Matawi yake hayaogopi baridi. Mizizi ndiyo huumia, maana kuta za chungu ni nyembamba."

Mti ukahamia chooni. Kila alipokwenda haja, Shem alitia kidole kwenye udongo. Ikafika siku akawa anapiga hodi kabla ya kuingia. Januari yale machipukizi yakakauka. Shem alikwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani.

"Mama Walter!" alipiga kelele. "Uko hai!"

Machi machipukizi mapya mekundu yakaanza kuvimba. Aprili Jagjit alirudi. Shem akamfungulia mlango wa choo. Mti ulikuwa umesimama dirishani, umejaa majani mapya.

"Hita yangu ilikaribia kuuua," alisema Shem. "Rajni ndiye aliyetufundisha."

Jagjit alicheka mpaka akashika kilemba chake. "Wangu wa kwanza mimi niliuweka juu ya jiko. Haukufika Krismasi!"

Akaubeba mti wake kwenda nao nyumbani.

Oktoba iliyofuata hodi ikapigwa tena. Jagjit alikuwa mlangoni. Safari hii alikuwa na vyungu vitatu vyenye miti.

Shem alichukua sepetu, akaenda ukutani kuchimba mashimo.