Pasaka Mbili kwenye Kompyuta ya Kwaya

Kila Jumamosi, nikishafua nguo na kumwogesha mdogo wangu Kwizera, nilikuwa natimua mbio hadi ofisi ya kwaya, pale kigangoni kwetu Mugoma. Watu walidhani naipenda sana kompyuta. Wapi! Nilikuwa naifuata sauti ya mama.

Mama yetu, Adelfina, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alifariki Kwizera akiwa hajatimiza mwaka. Picha zake tunazo, lakini picha haiimbi. Sauti yake ilibaki kwenye kompyuta ya mezani ya kwaya, katika wimbo wa Pasaka ambao aliimba ubeti mzima peke yake. Kila nikiusikiliza, niliutaka tena. Baba aliniahidi kwamba Jumapili ya kumwombea mama, Kwizera naye atausikia. Mtoto ana miaka minne sasa, na hajui mama yake alikuwa na sauti gani.

Tatizo, kompyuta ile ilikuwa imezeeka, inazimika hovyo. Mwalimu Xavery, katibu wa kwaya, akanunua diski ya nje ili nyimbo zote zihamie huko. Akaniita mimi na Clever, mwenzangu wa darasa la saba.

"Shikamoo, Mwalimu," tukamwamkia.

"Marahaba. Sikilizeni. Nimechoka kufungua folda hii na kufunga ile. Nataka programu inayoonyesha pande mbili kwa pamoja, kushoto kompyuta, kulia diski. Nimeweka tatu humu. Zijaribuni, mnichagulie moja. Lakini tumieni hizi faili za majaribio. Nyimbo za kwaya msiziguse!"

Akaenda kuanua maharage yake, maana mawingu yalikuwa yametanda.

Programu ya kwanza ilikuwa na rangi nyingi na vitufe kibao. "Hii ndiyo yenyewe!" Clever akashangilia. "Ona inavyong'aa!"

"Kwani tunachagua kitenge?" nikamjibu.

Ya pili ilikuwa na kasi. Ukibonyeza tu, faili imeshafika, na haikuulizi chochote. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, na kila mara inataka kujua kama una uhakika. Nikaiona inanichelewesha.

Hapo hamu ikanizidi. Niliona nikiunakili wimbo wa mama kwa mkono wangu mwenyewe, ndipo utakuwa salama kweli. Nikafungua ile programu ya haraka, nikabonyeza kitufe cha kunakili.

Sasa, kwaya yetu ina desturi ya kuzipa nyimbo majina ya sikukuu tu: Noeli, Pasaka, Pentekoste. Mwaka hauandikwi. Pasaka ya mama ilikuwa kushoto, na Pasaka ya mwaka huu Mwalimu alishaiweka kulia. Mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimechagua ya kulia. Programu ikaichukua, ikaipeleka kushoto, ikaiweka mahali pa ile ya mama. Haikuuliza.

Nilipoufungua wimbo, nikasikia sauti ya mwimbaji mwingine. Nikaurudia. Ni yeye tena. Yezu na Maria! Nililia mpaka Clever akaogopa.

"Nyamaza basi," akaninong'oneza. "Tutasema kompyuta imeufuta yenyewe. Nani asiyejua kwamba ni mbovu?"

Siwezi kudanganya, maneno yale yalinivutia. Lakini aliyeifuta sauti ya mama ni mimi, na kuisingizia kompyuta kusingeirudisha. Nikakimbia hadi nyumbani kwa Mwalimu.

"Mwalimu, nimeharibu. Niligusa nyimbo. Pasaka ya mama imefutika, na ni mimi niliyeifuta."

Nilingoja anifokee. Yeye akaweka gunia chini, akatoa simu. "Bibi Nimpaye wa Keza aliimba na mama yako. Mwaka ule nilimwekea wimbo huo kwenye kadi ya redio yake. Tuombe Mungu."

Bibi akapokea. "Kadi ipo," akasema, "ila mjukuu wangu ndiyo anatoka nayo. Anaipeleka senta wafute za zamani, wamjazie nyimbo mpya."

"Mzuie, mama! Tunakuja!"

Tukapanda pikipiki ya Mwalimu. Mvua ikatukuta njiani, tukafika Keza tumelowa chapachapa. Bibi Nimpaye alikuwa mlangoni, kadi ameifumbata mkononi. Nilimkumbatia hata kabla ya kumwamkia.

Tuliporudi ofisini, nilichomeka kadi kwenye kompyuta, nikafungua ile programu ya kijivu, nikabonyeza kunakili. Ikasimama, ikanionyesha Pasaka mbili, kila moja na tarehe yake na ukubwa wake, ikaniuliza nataka kufanya nini. Safari hii nilisoma neno kwa neno. Nikaubadilisha jina wimbo wa mama, nikaandika Pasaka, Adelfina, na mwaka. Ndipo nikaunakili.

"Mwalimu, tuchukue hii," nikasema. Clever alinuna kidogo, kisha akakubali.

"Tunaichukua," Mwalimu akajibu. "Iteka, ulifanya nilichokukataza, na kwa hilo utafagia ofisi hii mwezi mzima. Lakini ungeficha mpaka kesho, kadi ingekuwa imeshafutwa. Kosa likisemwa mapema, watu hupata nafasi ya kulirekebisha. Na kitu unachokitamani sana, mwanangu, hicho ndicho cha kukiendea polepole."

Jumapili ile ya kumwombea mama, baada ya misa, baba aliweka simu yenye wimbo ule mezani. Sauti ya mama ikajaa chumba. Baba akainamisha kichwa. Kwizera akaacha kula.

"Nani huyo?" akaniuliza.

"Mama," nikamwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivuta gauni.

"Mwambie aimbe tena."