Kanda Iliyokatwa Mwanzo

Kila jioni, akishaosha vyombo na kusali na mama yake, Nyenje alikaa kando ya cherehani na kufungua simu ya mama. Nyumbani walimpa jina hilo la mdudu kwa sababu hakuacha kuimba. Alipenda bendi moja ya roki ya zamani, akaifuatilia kwenye blogu za mashabiki, albamu baada ya albamu. Mwenye blogu kubwa aliitwa Babu Gitaa. Alikuwa na kila rekodi ya bendi hiyo, isipokuwa ya onyesho la mwisho.

Siku moja mjomba wake, fundi redio, alimpa kanda kuukuu ya bendi ileile. Mwanzoni sauti ilisema, “Umekosea. Turudie!” Yalikuwa mazoezi tu. Nyenje akaihamishia kwenye simu, akayakata maneno hayo, akaituma kwenye blogu: “Onyesho la mwisho hili hapa!”

Mashabiki wakammwagia sifa. Kisha Babu Gitaa akaandika: “Mjukuu wangu, kaka yangu alisimama mbele kabisa ya jukwaa siku ya onyesho lile. Sasa ni mgonjwa, yuko kitandani. Jumapili nitampigia aisikie.”

Jioni hiyo Nyenje hakuimba.

“Nyenje wangu leo kameza nini?” mama aliuliza, akisimamisha cherehani.

“Hakuna, mama.”

“Hakuna ndiyo imekuziba koo hivyo?”

Nyenje akalia, akasema yote. “Lakini si atafurahi tu, mama?”

“Ataitafuta siku yake humo, mwanangu, asiione. Atadhani akili yake ndiyo imepotea.”

Nyenje akafuta machozi, akaandika: “Babu, nisamehe. Nilidanganya. Ni mazoezi. Kanda nzima hii hapa.”

“Nyenje mwongo!” mashabiki wakamcheka. Alivumilia.

Jumapili jibu likaja: “Nimekasirika, sikufichi. Ila kaka aliposikia ‘Umekosea,’ alicheka mpaka akaomba maji. Anasema miaka yote hakujua kwamba hata wao walikuwa wanakosea!” Na kwenye blogu rekodi ilikuwa imepata mahali pake: “Mazoezi. Tarehe haijulikani. Imeletwa na Nyenje.”

Mama aliisoma polepole, akarudisha simu.

“Umeona? Ulichokikata ndicho kilichomchekesha mgonjwa. Mungu akikupa kitu kidogo cha kweli, kitoe hivyohivyo. Ukikipamba kwa uongo, unamwibia anayekuamini. Haya, niimbie, nguo za watu hazijaisha.”

Nyenje akaanza wimbo. Katikati akakosea.

“Turudie!” mama akasema.