Mgeni Amekwisha Kuzoea

Siku ya usajili ukumbi wa chuo ulijaa pomoni. Binti wa mwaka wa tatu, ndani ya gauni la kijani na viatu alivyoazima kwa dada yake, alikuwa ameinua kibao cha wanafunzi wa kigeni. Kijana mrefu mwenye begi mgongoni akakigonga kwa kipaji cha uso.

"Samahani, dada. Namtafuta mwenyeji wangu."

"Umeshamgonga. Ndiye mimi."

Chuo kile kilijivunia wageni wake, na kila mmoja kilimpa mwanafunzi mwenyeji wa kumwonyesha maktaba, zahanati na kinyozi. Kila mwezi mwenyeji alijaza fomu. Sheria ilikuwa moja tu: mwenyeji na mgeni wasiwe wapenzi. Haya, nenda kauambie moyo!

"Mgeni siku mbili," binti alimtania siku ya tatu, akimkabidhi ufagio wa bweni.

"Nipe na jembe kabisa, mpenzi." Neno lilimponyoka, akaona haya.

Baada ya hapo simu zikawa za kila asubuhi.

"Umeamka, Mwenyeji?"

"Bado. Unaongea na mto."

Mwezi wa tano binti akaamua kunyoosha mambo. Akaandika kwenye fomu: *Mgeni amekwisha kuzoea. Naomba kujitoa.* Hakumwambia kijana. Alitaka idhini itoke kwanza, ampelekee habari ikiwa imeiva. Hapo ndipo alipokosea.

Karani wa ofisi ya wageni alimwita kijana aisaini fomu ile. Kijana aliisoma mara mbili. Kumbe nilikuwa kazi tu, akawaza, na kazi yenyewe imemchosha. Palepale akaomba kurudi kwao, akazima simu. Binti alipiga siku nne, asimpate. Siku ya tano akamfuata bwenini, akamkuta anafunga begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Si nimeshazoea? Umeandika mwenyewe."

"Nilijitoa ili niwe wako! Sheria umeisahau?"

Kijana akakaa kitandani. "Mungu wangu. Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza?"

Walilia, wakacheka, wakalia tena. Kisha wakakimbilia ofisini wameshikana mikono, kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Karani, mama wa makamo, alivua miwani. "Wanangu, kibali chake cha kusoma hapa kimeshafutwa, na nafasi yake nimeshampa mwingine. Anaingia Jumatatu."

"Hakuna namna, mama?"

"Ingekuwepo, ningewapa kabla hamjaomba."

"Akiomba tena mwakani?"

"Chuo hakimpokei mgeni yule yule mara mbili."

Jumapili asubuhi binti alimsindikiza hadi getini, na gauni lake lile lile la kijani.

"Niite mara ya mwisho," alisema.

"Mwenyeji wangu."

Gari liliondoka. Alibaki amesimama hadi mlinzi akamletea kiti.

Wenyeji walikuwa wachache, na Jumatatu karani alimrudishia kibao, macho yake yakiomba radhi. Binti akakiinua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayeugua kwa kuondoka kwa mgeni hawakumwachia dawa.

"Samahani, dada," sauti ngeni ilisema nyuma yake. "Namtafuta mwenyeji wangu."

Alifuta macho kwa kiganja, akageuka.

"Karibu," alisema. "Ndiye mimi."